Kurekodi gitaa kavu kwa maiki mbili, dainamiki na kondensa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wapigaji wanaojirekodi nyumbani, na pia na maprodyuza waliozoea midundo ya kompyuta na sauti ya mwimbaji, halafu siku moja mteja anaingia na gitaa kavu. Nachukulia kwamba una kadi ya sauti yenye matundu mawili ya XLR (yale ya pini tatu ya maiki), maiki moja ya dainamiki, moja ya kondensa, standi mbili na hedifoni. Mwenye vifaa vya bei kubwa zaidi atakutana na mambo yaleyale.

## Mambo ya msingi

1. Kwa nini nitumie maiki mbili za aina tofauti kwa gitaa moja?

Kwa sababu gitaa halitoi sauti yake yote mahali pamoja. Besi nzito hutoka zaidi kwenye tundu na kwenye ubao wa mbele karibu na daraja. Mng'ao wa nyuzi na mikwaruzo ya vidole vya mkono wa kushoto husikika zaidi upande wa shingo. Ukikaa mita mbili mbele ya mpigaji, vyote hivyo hufika sikioni vikiwa vimeshachanganyika. Maiki iliyo umbali wa sentimita 30 huchukua zaidi kile kilicho mbele yake.

Kwa hiyo kondensa hupewa kazi ya kuchukua undani na mng'ao, na dainamiki hupewa kazi ya kuchukua kifua cha gitaa na uzito wa dole gumba. Mpangilio huo wa kazi ndio msingi wa majibu yote yanayofuata. Maiki mbili zilizowekwa bila kujua ipi inaongoza na ipi inasaidia hutoa sauti mbaya kuliko maiki moja, na sababu yake imeelezwa katika swali la 12.

2. Dainamiki na kondensa zinatofautiana nini hasa?

Ndani ya dainamiki, utando umegandishwa kwenye koili ya waya iliyo katikati ya sumaku. Sauti ikiusukuma utando, koili inacheza na kuzalisha umeme kidogo. Koili ina uzito, hivyo haiwezi kufuata kila mtikisiko wa haraka. Ncha kali ya mlio inalainika. Kondensa ina utando mwembamba mno uliokaa karibu na bamba lenye chaji, na umbali kati ya viwili hivyo unapobadilika, ndipo sauti inageuka kuwa umeme. Utando huo ni mwepesi, ndiyo maana kondensa inasikia hata ukucha ukigusa uzi.

Kwa mfano, Shure SM57, ambayo iko sokoni tangu 1965, hupokea kuanzia hezi (mitikisiko kwa sekunde) 40 hadi 15,000, na hupandisha kiasi sauti za karibu na hezi 6,000. Audio-Technica AT2020, kondensa inayoonekana katika studio nyingi ndogo, inafika hezi 20,000. Tofauti utakayoiona kwanza kwenye kadi yako, hata hivyo, ni ya nguvu: kwa sauti ileile, kondensa hiyo hutoa karibu desibeli 19 zaidi.

3. Nina uwezo wa kununua moja tu kwa sasa. Nianze na ipi?

Kama kazi yako ni gitaa kavu na chumba chako ni kimya kiasi, anza na kondensa. Maiki moja ya kondensa iliyowekwa vizuri inatosha kwa nyimbo nyingi, hasa pale gitaa linapokuwa chini ya sauti ya mwimbaji na ala nyingine. Maiki ya pili ina faida kubwa pale gitaa lenyewe ndilo wimbo.

Kama unarekodi kando ya barabara yenye bodaboda na hakuna namna ya kuzikwepa, anza na dainamiki na uiweke karibu. Lakini soma kwanza swali la 19, maana wengi wanaitarajia dainamiki ifanye jambo ambalo haiwezi.

4. Maiki ya karaoke niliyonayo itafaa kama dainamiki?

Mara nyingi hapana. Nyingi huja na waya uliofungwa moja kwa moja na ncha ya jeki kubwa, na waya wa namna hiyo huokota mvumo wa umeme njiani. Pia tundu la jeki kwenye kadi nyingi ni la gitaa la umeme au kinanda na halina geini ya maiki, yaani nguvu ya kuikuza sauti yake ndogo. SM57 au SM58 iliyotumika, ikiwa halisi, ni bora kuliko maiki mpya ya karaoke. Chunguza unaponunua, kwa sababu maiki hizi mbili zinaigizwa sana: fungua kichwa, angalia kazi ya ndani, na uipige kwenye spika ukilinganisha na ambayo una hakika nayo.

## Kuunganisha

5. Kadi yangu ina kitufe kimoja cha 48V kwa matundu yote mawili. Dainamiki haitaungua?

Kitufe hicho hupeleka kwenye maiki umeme wa volti 48 ambao kondensa inauhitaji. Dainamiki haitaungua, mradi unatumia waya mzima wa XLR kwa XLR. Volti 48 zinapanda kwa usawa katika nyaya mbili za ndani, kwa hiyo koili ya dainamiki haioni tofauti yoyote. Hatari iko kwenye waya uliochomelewa vibaya, na kwenye maiki za ribuni za zamani (zenye ukanda mwembamba wa chuma badala ya utando), ambazo hazitakiwi kukutana na umeme huo kabisa.

Chomeka maiki zote kwanza, shusha spika na hedifoni, ndipo uwashe 48V. Subiri sekunde chache. Unapomaliza, izime na kusubiri tena kabla ya kuchomoa.

6. Nimeweka geini sawa kwa zote mbili, mbona dainamiki inasikika chini sana?

Ndivyo inavyotakiwa kuwa. Ni zile desibeli 19 za swali la 2. Usilinganishe vifundo, linganisha mita. Pandisha geini ya dainamiki hadi vilele vyake vicheze kati ya desibeli -18 na -10, kisha fanya hivyohivyo kwa kondensa. Kwa biti 24 huna sababu ya kukimbilia juu zaidi.

Mpigaji wa taratibu anaweza kukulazimisha ufike mwisho wa kifundo, hapo ukaanza kusikia mvumo wa "ssss". Jaribu kwanza kuisogeza maiki karibu: kupunguza umbali kwa nusu kunakuletea karibu desibeli 6 bure. Ikishindikana, kuna vifaa vidogo vya kuongeza nguvu kama Cloudlifter, vinavyotumia zile 48V kuongeza hadi desibeli 25 bila kuzipitisha kwenye maiki.

7. Nirekodi kwenye traki mbili au niziunganishe moja kwa moja?

Traki mbili za mono, siku zote. Ukiziunganisha wakati wa kurekodi, umefunga mlango wa kurekebisha uwiano na fezi (jinsi mawimbi ya maiki mbili yanavyokutana, swali la 12). Watu wengi hufanya kosa la kufungua traki moja ya stirio bila kujua, kisha dainamiki ikaenda sikio la kulia na kondensa la kushoto. Angalia jina la ingizo la kila traki kabla ya kubonyeza kitufe chekundu.

## Mahali pa kuweka maiki

8. Nianzie wapi?

Anza na sikio lako, maiki zikiwa bado mezani. Mwambie mpigaji arudie kipande kilekile cha wimbo, kwa nguvu ileile atakayorekodi nayo. Ziba sikio moja kwa kidole, chuchumaa, weka sikio la pili umbali wa kama sentimita 30 kutoka gitaa, kisha lisogeze taratibu: kutoka kichwani mwa gitaa, kufuata shingo, kuvuka tundu, hadi nyuma ya daraja. Utasikia sauti ikinenepa, ikijaa hadi kuziba karibu na tundu, kisha ikikauka na kuwa ya mbao zaidi ukishalipita daraja. Kila gitaa lina mahali pake.

Kwa magitaa mengi ya nyuzi za chuma, kondensa huanza vizuri pale shingo inapokutana na mwili, kati ya freti ya 12 na ya 14, umbali wa sentimita 25 hadi 40, ikielekezwa kidogo upande wa tundu bila kulitazama moja kwa moja. Isikilize peke yake kwenye hedifoni. Usiguse dainamiki hadi kondensa yenyewe itoe sauti ambayo ungekubali kuitumia bila msaada.

9. Na dainamiki niiweke wapi?

Kuna njia tatu ninazozitumia, na nazipanga kwa urahisi wake.

Ya kwanza ni kuziweka zote mbili sehemu moja, ubavu kwa ubavu, mbele ya freti ya 12 hadi 14, kapsuli (sehemu ya ndani ya maiki yenye utando) zikiwa umbali sawa na gitaa. Hapa sauti inafika kote kwa wakati mmoja, kwa hiyo fezi haikusumbui. Unachopata ni rangi mbili za sauti ileile, na unachanganya utakavyo. Zingatia neno kapsuli: kwenye SM57 iko nyuma tu ya wavu wa mbele, wakati kwenye kondensa kubwa iko katikati ya kichwa. Ukilinganisha miili badala ya kapsuli, utakosea kwa sentimita kadhaa.

Ya pili ni kuiacha kondensa shingoni na kuipeleka dainamiki upande wa daraja, ikitazama ubao wa chini nyuma kidogo ya daraja. Hii ndiyo inayoleta tofauti kubwa, kwa kuwa kila maiki inachukua sehemu yake: kondensa mng'ao, dainamiki mbao na besi. Anza kwa umbali sawa kwa zote, tuseme sentimita 30. Ukitaka besi zaidi, isogeze dainamiki karibu. Maiki ya mwelekeo mmoja huongeza besi kadiri inavyokaribia chombo. Ila kila unapoisogeza, fezi inabadilika.

Ya tatu ni dainamiki karibu, sentimita 10 hadi 15, na kondensa mbali, mita moja au zaidi, ichukue gitaa pamoja na chumba. Ni njia nzuri sana ndani ya chumba kizuri. Ndani ya chumba cha matofali na vigae kinachorudisha mwangwi wa bati, iache.

10. Kwa nini nisiielekeze kwenye tundu? Si ndipo sauti inapotokea?

Tundu ni njia ya hewa iliyo ndani ya gitaa, na hewa hiyo ina mvumo wake, mara nyingi karibu na hezi 100. Maiki ikilitazama tundu kwa karibu, kila noti inayogusa mvumo huo inavimba na kuzifunika nyingine, hasa zile za chini kwenye uzi wa sita na wa tano. Kondensa ndiyo inaathirika zaidi kwa vile inafika chini kabisa. Kama huna budi, rudi nyuma hadi sentimita 40 au zaidi.

11. Upande upi wa maiki utazame gitaa?

SM57 na kondensa nyembamba za umbo la kalamu zinapokea kwa ncha. Kondensa kubwa kama AT2020 au Rode NT1-A zinapokea kwa ubavu, upande mmoja tu. Kwenye AT2020 ni upande wenye nembo; kwenye NT1-A ni upande wenye kitone cha dhahabu. Maiki iliyogeuzwa mgongo bado inatoa sauti, ila ya mbali na yenye chumba kingi, na ndiyo maana mtu anaweza kurekodi miezi bila kugundua.

## Fezi

12. Kila maiki peke yake inasikika vizuri. Nikizifungua zote mbili sauti inakuwa nyembamba. Nini kimetokea?

Sauti ileile imefika kwenye maiki mbili kwa nyakati tofauti. Mwendo wa sauti hewani ni kama mita 343 kwa sekunde katika nyuzijoto 20, yaani sentimita 34 kwa kila milisekunde. Maiki moja ikiwa mbele ya nyingine kwa sentimita 17, ya nyuma inachelewa nusu milisekunde. Kwa sauti ya hezi 1,000, nusu milisekunde ni nusu ya wimbi zima: hii ikipanda, ile inashuka, na ukizijumlisha zinauana. Hali hiyo inajirudia kwenye hezi 3,000, 5,000 na kuendelea juu. Tofauti ikiwa sentimita 34, shimo la kwanza linashuka hadi hezi 500, katikati kabisa ya mwili wa gitaa.

Nguvu ya mashimo hayo inategemea uwiano. Maiki zikiwa sawasawa kwa sauti, mashimo yanakuwa marefu sana. Maiki moja ikiwa chini ya nyingine kwa desibeli 10, shimo lilelile linabaki na kina cha kama desibeli 3 tu, kitu ambacho sikio linakivumilia. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuchagua maiki moja iongoze na nyingine isaidie.

13. Nitajuaje kama fezi iko sawa, na nirekebishe vipi?

Weka traki zote mbili katikati, zikiwa na sauti sawa, na usikilize kwa mono. Bonyeza kitufe cha kugeuza fezi, chenye alama ya Ø, kwenye traki ya dainamiki. Chagua upande ambao besi inajaa zaidi. Kama hakuna tofauti kubwa kati ya pande mbili, maiki ziko mahali pabaya, na kitufe hakitakuokoa: kitufe kinapindua wimbi lote juu chini, hakirudishi muda uliopotea.

Njia ninayoiamini zaidi inahitaji watu wawili. Mpigaji anacheza, wewe umevaa hedifoni zilizofunga vizuri, na Ø imewashwa kwenye dainamiki. Isogeze dainamiki sentimita moja moja, mbele na nyuma, ukitafuta mahali ambapo mchanganyiko unasikika mbaya kuliko pote: mwembamba, hauna tumbo, kama umetoka kwenye spika ya simu. Ukipapata, kaza standi, kisha zima Ø. Pale palipokuwa pabaya zaidi ndipo panapogeuka kuwa panene zaidi. Sikio hutambua ubovu haraka kuliko uzuri, kwa hiyo kazi hii inakwenda upesi.

Baada ya hapo mwambie mpigaji asisogee. Sentimita tano za kujinyoosha kwenye kiti zinavuruga kila kitu. Gundisha kipande cha selotepu sakafuni pale miguu ya kiti ilipo, na umpe kiti kisichozunguka wala kulia.

14. Nimesoma kanuni ya tatu kwa moja. Nitenganishe maiki mara tatu ya umbali wa gitaa?

Hapa hapana. Kanuni hiyo inasema umbali kati ya maiki mbili uwe angalau mara tatu ya umbali wa kila maiki na chombo chake, na inahusu vyombo viwili vinavyorekodiwa pamoja, ili kila maiki isikie kidogo tu cha jirani. Gitaa moja ni chombo kimoja. Ukiifuata, utajikuta na maiki mojawapo imeachwa mbali kabisa na sehemu uliyoitaka. Itakufaa kwenye swali la 22.

15. Siwezi tu kuisogeza traki iliyochelewa ndani ya kompyuta?

Unaweza, na wakati mwingine inasaidia, hasa kwa ile njia ya tatu ya swali la 9. Mwanzoni mwa kila rekodi mpigaji abane nyuzi kwa kiganja na kudonoa mara moja. Mdonoo huo mkavu unaonekana wazi ukikuza mawimbi kwenye skrini. Pima pengo kati ya vilele viwili na uirudishe traki ya nyuma kiasi hicho. Ukirekodi kwa hezi 48,000, yaani sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, milisekunde moja ni sampuli 48.

Lakini maiki zinazotazama sehemu tofauti za gitaa hazisikii tukio lilelile, kwa hiyo hakuna msogezo mmoja unaofaa kwa noti zote. Amini masikio kuliko picha. Na muda utakaotumia kusogeza traki ungetosha kuisogeza standi.

## Kuchanganya

16. Kila maiki iwe na kiasi gani kwenye miksi?

Weka inayoongoza mahali pake. Shusha nyingine hadi chini kabisa, kisha ipandishe polepole hadi uhisi gitaa limepata mwili. Izime. Kama pengo linasikika ikizimwa, lakini ikiwa imewaka huisikii kama maiki ya pili, umefika. Mara nyingi inayosaidia inaishia desibeli 6 hadi 12 chini ya inayoongoza.

Kwa wimbo wa taratibu wenye gitaa na sauti tu, mimi huiacha kondensa iongoze. Kwa gitaa linalokatwakata mdundo ndani ya bendi yenye ngoma na besi, dainamiki inaongoza, kwani ule mng'ao wa kondensa unagombana na hi-hati na shekere.

17. Nipeleke moja kushoto na nyingine kulia ili nipate stirio?

Sipendi. Kwa kuwa maiki hizi ni za rangi tofauti, sikio moja linapata gitaa linalong'aa na jingine linapata gitaa la mbao, na wimbo wote unalalia upande mmoja. Isitoshe, spika nyingi ndogo za Bluetooth na simu nyingi hucheza mono, na huko zile maiki mbili zinakutana tena na mashimo yote ya swali la 12. Ziweke zote katikati, au zitenganishe kidogo tu. Ukitaka upana wa kweli, mwambie mpigaji arudie sehemu ileile mara ya pili, na upeleke uchezaji mmoja kila upande.

18. Nikate nini kwenye ikwalaiza?

Uzi wa chini kabisa, E, uko hezi 82. Chini ya hapo kuna miguu, standi na magari, kwa hiyo kata chini ya hezi 70 au 80 kwenye kondensa. Kwenye dainamiki punguza kidogo juu ya hezi 5,000 ikiwa inakwaruza. Kikatio nacho kinagusa fezi karibu na pale kinapokatia, kwa hiyo rudia jaribio la Ø baada ya kukiweka.

## Chumba, hewa na umeme

19. Feni, jogoo wa jirani, bodaboda: dainamiki si inachuja kelele?

Hii ni imani iliyoenea sana, na inawapotezea watu pesa. Dainamiki haijui gitaa ni lipi na feni ni ipi. Weka dainamiki na kondensa zenye mwelekeo wa aina moja mahali pamoja, linganisha nguvu zao kwenye mita, na zote zitakuletea karibu kelele ileile. Kinachosaidia ni ukaribu: gitaa linapanda, kelele inabaki palepale. Dainamiki ilipata sifa hiyo kwa sababu huwekwa karibu.

Zima feni wakati wa kurekodi na uiwashe katikati ya mapumziko. Elekeza mgongo wa maiki zote dirishani, kwa maana huko ndiko zinakosikia kidogo zaidi. Weka godoro nyuma ya mpigaji na jingine nyuma ya maiki, mbali na pembe za chumba. Pazia jepesi na kanga hazizuii chochote chini ya sauti za juu kabisa. Mvua ikianza kwenye bati, pumzika.

20. Naishi pwani. Kondensa yangu inatoa milio ya kukaanga. Imekufa?

Huenda imekunywa unyevu tu. Utando wa kondensa na bamba lake vimekaribiana mno, na umande ukiingia, chaji inavuja na kutoa ile milio. Itoe kwenye standi, ihifadhi usiku mzima ndani ya kopo lisilopitisha hewa pamoja na vipakiti vya silika, kisha ijaribu tena. Usiitoe chumba cha kiyoyozi na kuiwasha papo hapo kwenye joto la nje. Iache kwenye boksi lake hadi ipate joto la mahali. Usiipulize kwa mdomo wala kuianika juani. Dainamiki haina tatizo hili, na ndiyo naibeba ninapokwenda kurekodi nje.

21. Kuna mvumo mzito wa "mmmm" kwenye traki zote mbili. Ni maiki?

Ukiwa kwenye zote mbili, mara nyingi ni umeme. Chomoa chaja ya kompyuta na urekodi kwa betri. Ukikoma, umempata mkosaji. Ukiwa kwenye dainamiki peke yake, isogeze mbali na adapta na transfoma, kwani koili yake inaweza kuokota uga wa sumaku.

## Hali za pekee

22. Naimba huku napiga. Maiki mbili zinatosha?

Zinatosha, ila mgawanyo wa kazi unabadilika: dainamiki inakwenda mdomoni, kondensa kwenye gitaa. Isogeze dainamiki hadi sentimita 8 au 10 kutoka midomoni. Iweke kondensa mbele ya gitaa, ikiinama kulitazama huku mgongo wake ukielekea mdomoni iwezekanavyo. Sasa kanuni ya tatu kwa moja ina maana, na ni vigumu kuitimiza kikamilifu kwenye mwili wa mtu mmoja. Kubali kwamba kila traki itakuwa na kidogo cha nyingine. Usifikirie kurudia sauti peke yake baadaye. Ile ya kwanza itabaki ikisikika ndani ya gitaa.

23. Napiga mtindo wa zamani wa dole gumba na kidole cha shahada, na mwenzangu anagonga chupa. Kuna ushauri tofauti?

Upo, na nafurahi unapoulizwa. Huu ni urithi wa Katanga na wa magharibi ya Kenya: Mwenda Jean Bosco, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, leo Likasi, na George Mukabi na wenzake wa omutibo, mtindo huo wa gitaa wa magharibi ya Kenya. Gitaa moja linabeba besi na sauti ya juu kwa pamoja, na dole gumba halipumziki. Ukikosa uwiano wa dole gumba na shahada, umekosa mtindo wenyewe.

Tumia njia ya pili ya swali la 9. Dainamiki upande wa daraja inashika dole gumba, kondensa shingoni inashika shahada. Hapa uwiano unaweza kukaribia usawa kuliko kawaida, kwa hiyo tumia muda wako kwenye swali la 13 kabla ya kurekodi chochote. Chupa inapenya kuliko unavyodhani. Mkalishe mgongaji nyuma ya kondensa, umbali wa mita moja na nusu au mbili, na umwache chupa yake isikike kwa kuvuja tu. Isipotosha, msogeze yeye. Rekodi wote kwa pamoja. Wanaosikilizana wakiwa chumba kimoja wanashika mwendo ambao hedifoni haziwezi kuwapa.

24. Na gitaa la nyuzi za nailoni, au udi?

Vyote viwili vina mng'ao mdogo kuliko nyuzi za chuma, kwa hiyo kondensa iongoze, na dainamiki iwe ya kuongeza mwili tu, ikihitajika. Kwa udi wa taarabu, sikiliza mlio wa risha (kile kipigio) inapogonga nyuzi: kondensa ikitazama moja kwa moja pale inapogonga, mlio huo unafunika noti. Isogeze kuelekea shingoni.

25. Kondensa yangu ni ya USB. Naweza kuitumia pamoja na dainamiki iliyo kwenye kadi?

Sikushauri. Kila kifaa cha USB kina saa yake ya ndani, na saa mbili haziendi sawa kabisa. Hata programu ikikubali kuvitumia kwa pamoja, traki mbili zinaweza kuanza sawa na kuachana taratibu kadiri wimbo unavyoendelea, hivyo fezi inabadilika kutoka ubeti hadi ubeti. Kurekodi upande mmoja kwa simu kuna shida ileile. Chagua moja ya maiki hizo na uiweke vizuri kwa kufuata swali la 8.

26. Gitaa langu lina pikapu. Niitumie badala ya dainamiki?

Inaweza kuchukua nafasi yake pale kelele imezidi, kwa sababu pikapu, kile kifaa kilichofungwa kwenye gitaa kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme, haisikii chumba. Sauti yake ni ya plastiki kidogo, lakini ikikatwa juu ya hezi 300 au 400 inabaki na besi safi ya kuunga mkono kondensa. Haina safari ya hewani, kwa hiyo inatangulia: kondensa ikiwa sentimita 34 kutoka gitaa, pikapu iko mbele kwa milisekunde moja. Huu ndio wakati ambao kusogeza traki, kama ilivyo kwenye swali la 15, hufanya kazi vizuri, kisha maliza na kitufe cha Ø.